Mshale Mmoja kwa Kila Mtoto

Lori la Nunguni huingia soko la Kwa Vonza likiwa bado na baridi ya milimani. Turubai likifunguliwa, harufu hushuka kabla ya kabichi zenyewe: majani ya nje yaliyolala na maji ya mvua, yakapata joto njiani, yakaanza kunuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa kwenye ndoo. Wenzangu hugeuza uso. Mimi husogea. Nagonga kila kichwa kwa kidole, nahesabu zikiteremshwa, kisha nahesabu tena zikiwa chini. Vijana wa lori hunicheka. "Mama, kwani kabichi huzaa zikishuka?" Nawaambia hazizai, lakini zinajua sana kupungua.

Hawajui kwamba mazoea hayo ya kuhesabu mara mbili na harufu hiyo vilinijia pamoja, kutoka kwa mtu mmoja, nikiwa bado navaa sare ya shule ya msingi.

Nyumba yetu, hapa hapa Kwa Vonza, upande wa Kitui, ilikuwa ya wanawake wawili na watoto wawili. Mkubwa alikuwa Susu Katunge, nyanya yetu, ambaye wakati huo nilidhani alizaliwa akiwa mzee hivyo hivyo. Susu hakujaliwa mtoto. Mumewe alikufa akamwachia shamba la mawe na mbaazi, na jina ambalo lingezimika naye. Basi alifanya jambo ambalo Wakamba wamelifanya siku zote nyumba ikikaribia kufungwa: alipanda hadi Kilungu, akaposa msichana, akamwoa yeye mwenyewe, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba ya Katunge. Msichana huyo ndiye mama yetu. Watoto tulikuwa mimi na mdogo wangu Kyalo. Kwa desturi hiyo mwanamume aliyesaidia kuwapata watoto hana neno. Anaweza kuja, anaweza kukaribishwa chai, lakini hana neno. Hakuna aliyetuketisha akatueleza haya. Tuliyajua kama unavyojua mlango wa nyumbani uko upande gani hata taa ikizimika.

Aliyekuwa akija kwetu tulimwita Mgeni wa Kabichi. Alikuwa mkulima wa Nunguni, akishuka na lori kuuza mboga upande wa Kitui, na kila alipopita alituangushia gunia. Koti lake lilinuka gunia hilo. Alikuwa na masikio yaliyosimama kando kama mikono ya sufuria, na Kyalo alikuwa na masikio hayo hayo. Mimi nilidhani ni ugonjwa wa kula kabichi nyingi. Kwa muda mrefu nilikuwa nikila zangu kwa tahadhari, na kila asubuhi napapasa masikio yangu kuona kama yameanza. Baba yangu mimi alikuwa mtu mwingine, ambaye hakuwahi kuja na gunia la kitu chochote, kwa hiyo sikuwa na la kuogopa.

Shuleni tulikuwa na Mwalimu Nzioka, kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne tu, akisubiri chuo, wazazi wakimpa kitu kidogo atufundishe hesabu. Yaliyokuwa kwenye silabasi yalimchosha. Mchana mmoja wa joto, tukiwa tumelala juu ya madawati kama mbuzi waliokosa maji, alichora mayai mawili makubwa ubaoni.

"Yai la kushoto, watoto. La kulia, nyumba. Kila mtoto anatoa mshale mmoja kwenda nyumba yake. Hii inaitwa fanksheni, mtaikuta sekondari, mkifika."

Kisha akaandika jambo lile lile kwa jozi: mabano, mtoto, koma, nyumba. Akasisitiza kwamba mpangilio una maana. Anayetangulia ndiye anayeulizwa swali, anayefuata ndiye jibu. Ukiwageuza, umeuliza swali jingine. Na kujua kama jozi zako ni fanksheni, alisema, usihangaike na jibu. Tazama wa kwanza. Mbili na nne, tatu na nne: sawa, wawili wanaweza kwenda nyumba moja. Mbili na nne, mbili na tano: funga kitabu, mbili amekuwa na majibu mawili. "Na pia," akaongeza huku akipangusa chaki kwenye suruali, "asibaki mtu ndani ya yai la kushoto bila mshale." Hilo la mwisho hatukuliandika. Kengele ilikuwa karibu.

Akatutaka kila mmoja ataje jozi za nyumbani kwake, na zamu yangu ilipofika nilisema, "Mimi, Katunge. Kyalo, Katunge."

Mutisya, mtoto wa jirani, akapaza sauti kutoka nyuma. "Mwalimu, huyo baba yake ni nyanya yake!"

Darasa likaamka lote kwa kicheko. Mwalimu Nzioka hakucheka. Alichora mshale wangu, akachora wa Kyalo, akaigonga yote miwili kwa chaki.

"Mutisya, huyu ametoa mishale mingapi?"

"Mmoja, Mwalimu."

"Na ndugu yake?"

"Mmoja."

"Basi ni fanksheni. Fanksheni haiulizi kama kule kwingine kuna suruali au sketi. Kaa chini."

Sijui kama naweza kueleza nilivyotembea kurudi nyumbani siku hiyo. Kilikuwa kitu cha kwanza kutoka nje ya ua wetu kilichosema kwamba sisi tuko sawa. Nilimfundisha Kyalo njiani kwa kijiti, kwenye vumbi. Alichora yai lake likatoka kama kiazi, akaniuliza kama Susu anaweza kuvumilia mishale mingi hivyo. Nilimwambia ndiyo kazi yake.

Kisha ukame ukashika, mto ukabaki mchanga, na wanawake wakawa wanachimba chini ya mchanga kutafuta maji, kila juma shimo likienda ndani zaidi. Mama alikuwa ndani ya shimo asubuhi ukuta wa mchanga ulipomwangukia. Wenzake walimfukua kwa vibuyu na kwa mikono. Nilifika pale nikaanza kuwahesabu wanawake waliosimama ukingoni, nikitafuta mmoja aliyevaa leso ya manjano, na nilipofika mwisho nikarudia tangu mwanzo, kwa sababu nilijua lazima nimemruka. Walimzika kwa Susu, nyuma ya nyumba, kando ya mbaazi. Jioni ile Susu alipakua chakula kwenye sahani nne. Akaitazama ya nne, akakirudisha chakula chake chunguni, na sisi tukajifanya hatukuona.

Mgeni wa Kabichi alikuja baada ya matanga. Safari hii hakuwa na gunia. Alikuja na wanaume wawili wa ukoo wake, wakakalia viti vyote tulivyokuwa navyo, Susu akabaki kwenye kigogo.

"Mama Katunge, pole sana," alisema. "Lakini nimekuja kwa ajili ya kijana."

"Kijana gani?"

"Wangu."

"Wewe hapa una kikombe cha chai," Susu alisema. "Kijana ni wa nyumba hii."

"Nyumbani nina wasichana watupu. Nunguni inahitaji kijana, mama. Na wewe utamlisha nini, mawe?"

Nilikuwa mlangoni nikichambua mbaazi, na nikakumbuka somo. Mtu huyu alikuwa ameanza na Nunguni. Aliweka nyumba mbele na mtoto nyuma, jozi ameigeuza. Hakuwa anauliza Kyalo ni wa nani, alikuwa anauliza nyumba yake inakosa nini. Lakini hofu yangu haikuwa hapo. Hofu yangu ilikuwa kwamba sasa Kyalo ana mishale miwili. Kyalo na Katunge, Kyalo na Nunguni. Wa kwanza ametokea mara mbili.

Kesho yake nilimngoja Mwalimu Nzioka darasani hadi wengine wakatoka. Alikuwa akisahihisha madaftari, kichwa chini.

"Mwalimu, ukipata mmoja ana mishale miwili, unafanya nini?"

"Unasema si fanksheni."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Ukitaka iwe."

"Futa mmoja."

"Upi?"

Aliinua kichwa. Naikumbuka sura yake, ilikuwa nzuri na imechoka, ya mtu aliyefurahi kwamba angalau mwanafunzi mmoja anauliza. "Wowote," akasema. "Hesabu haijali. Ukibaki mmoja, ni fanksheni." Akarudi kwenye madaftari.

Leo najua alikuwa anajibu swali la ubaoni. Kanuni ile ina uwezo wa kukuambia kuna kasoro, basi. Haikuambii ni jozi gani iendelee kuishi. Hilo huamuliwa na aliyeshika dasta. Lakini mimi nilisikia "wowote" nikaelewa kwamba ni mbio, kwamba atakayewahi kufuta ndiye atakayeshinda, na nikaenda nyumbani nikikimbia.

Nilijua mshale wa Nunguni ulikuwa wapi. Ulikuwa masikioni. Nilimtafutia Kyalo kofia ya sufu ya baridi, ile ambayo mama alikuwa amemfumia, nikaivuta hadi shingoni, nikamwambia asiivue hata akilala. Jua la Kitui wakati huo lilikuwa linapasua mawe.

"Ninaungua," Kyalo alisema.

"Ungua pole pole."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wazee waondoke."

Na kabichi aache kabisa, nilimwambia, hata akipewa. Alikubali hilo kwa shida zaidi kuliko kofia.

Kikao kilifanyika uani kwetu, wazee wa ukoo wa Susu upande mmoja, watu wa Nunguni upande wa pili, naibu wa chifu katikati akiwa na kiti chake mwenyewe alichokuja nacho. Nilikuwa na hakika tumeshinda, kwa sababu Susu alianza kwa kusimulia alivyomwoa mama. Kwetu hakuna ndoa bila ntheo, wale mbuzi watatu wanaopelekwa kwa kina msichana, na wa tatu, beberu, ndiye huchinjwa akaliwa na pande zote mbili. Akiliwa huyo, umeoa. Watoto ni wako. Asipoliwa, umetembelea tu. Susu alisema alipeleka mbuzi watatu Kilungu, na baba ya mama akawapokea.

Ndipo akasimama mjomba wetu, kaka wa mama, aliyekuja amepakiwa kwenye lori la Mgeni wa Kabichi. Hakututazama.

"Walifika wawili," alisema. "Beberu alikufa njiani kwa mvua na baridi. Aliletwa mzoga."

"Baba yako alisema amehesabu watatu!" Susu alisema. "Alisema safari ni ya Mungu, tusirudi nyuma kwa sababu ya mbuzi mmoja. Ulikuwepo!"

"Nilikuwepo. Nilikula kuku."

Mzee mmoja wa ukoo wetu wenyewe akauliza polepole, kama mtu anayegusa kidonda, "Katunge, mlikula kuku?"

"Tulikula kuku," Susu alisema. "Baba ya msichana ndiye aliyesema tule kuku."

Baba ya msichana alikuwa amekufa zamani. Kuku naye hakuwepo kutoa ushahidi. Nimewahi kufanya biashara na watu wagumu, lakini sijaona bei ikishuka kwa kasi kama ile: dakika moja Susu alikuwa mwenye nyumba, mke na watoto, dakika iliyofuata alikuwa mwanamke mzee aliyewahi kula kuku Kilungu.

Mgeni wa Kabichi hakuwa mtu mbaya wa kupiga kelele. Alimwita Kyalo kwa upole, akamsimamisha kati ya magoti yake, akaona jasho linavyomtiririka usoni.

"Nani amemvika mtoto sufu jua hili?"

Akaivua. Masikio yakasimama pale, mekundu kwa joto, mawili, na ya baba yake mawili juu yake. Wazee walitazama wakatazama. Naibu wa chifu aliinua kiti chake kabla hata uamuzi haujasemwa.

Niliuliza kuhusu mimi. Mtoto hakutakiwa kusema pale, lakini nilisema: kama hakukuwa na ndoa, basi hata mimi si wa hapa, tuende wote. Mjomba alicheka kidogo. "Wewe nani amekuulizia? Baki umchotee nyanya yako maji." Beberu yule yule aliyekufa, mama yule yule, watoto wawili, na majibu mawili. Nilirudia hesabu hiyo miaka mingi. Hailingani.

Kyalo aliondoka akiwa amekaa juu ya magunia matupu nyuma ya lori. "Tutarudi jioni?" aliuliza, na Susu akamwambia ndiyo, kwa sababu hakukuwa na jambo jingine la kumwambia mtoto lori likiwa linanguruma. Kofia ilibaki kwenye vumbi. Niliiokota nikaikung'uta.

Mwaka uliofuata Mwalimu Nzioka alienda chuo. Susu alidumu miaka kadhaa, akazikwa kando ya mama. Kyalo alikua huko juu kwenye baridi na mboga, nikimwona mara chache, kila mara akiwa amerefuka na akiwa na maneno machache zaidi. Kisha Mgeni wa Kabichi akafa, na wale wasichana wake, dada zake Kyalo, pamoja na waume zao, wakagawana matuta. Walimwambia Kyalo hapo si kwao, yeye ni mtoto wa Kitui. Alipofika Kwa Vonza, ukoo wa Katunge ukamwambia wazee walishamtoa, na wazee hawarudi nyuma. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja nyuma ya duka la mtu. Alilala kwangu, akasema anasumbua, akaenda kupakia malori kwenye miji ya barabara ya Mombasa. Mchana alipakia, usiku alilala juu ya mizigo ya watu. Hapo ndipo nilipokumbuka lile neno ambalo hatukuliandika kwa sababu ya kengele: asibaki mtu bila mshale. Tulikuwa tumeogopa miwili. Hakuna aliyekuwa ameogopa sifuri.

Aliangukiwa na mzigo. Nilipigiwa simu na mtu aliyekuta namba yangu kwake. Mochari walinifunulia upande mmoja tu wa kichwa, wakaniambia ule mwingine niuache, na mimi nikamtambua kwa sikio.

"Mwili tuandike wa wapi?" kijana wa mochari aliuliza.

Niliwapigia Nunguni. Walisema mpelekeni kwao. Nilienda kwa wazee wa Katunge. Walisema alitolewa, na mtu ambaye mama yake hakuolewa hapa hawezi kuzikwa hapa. "Leta ntheo basi," mmoja akasema, kwa mzaha, akitafuna mdomo mtupu.

Huwa sipendi kufanyiwa mzaha wa bei, kwa sababu nikitajiwa bei nalipa. Kesho yake nilinunua beberu, mweusi, mwenye ndevu kama diwani, nikapanda naye Kilungu. Mjomba alikuwa hai, amekauka, amekaa nje ya nyumba na blanketi magotini.

"Uko na mbuzi," akasema.

"Niko naye. Mwangalie vizuri, Mjomba. Anapumua?"

"Anapumua."

"Sema kwa sauti, ili akifa baadaye tusisumbuane."

"Anapumua! Wewe na ukali wako. Ni wa nini?"

"Wa mama. Ntheo."

Alivuta uzi wa blanketi. "Mama yako amekufa zamani."

"Najua, nilikuwepo. Na ndoa yake iliuawa baadaye, nilikuwepo pia. Leo utaifufua kwa mdomo ule ule."

"Ntheo huja na blanketi na sukari," alisema. Yule mjomba wa zamani alikuwa bado yumo ndani yake.

"Blanketi ulilipwa siku ile ya kuku. Hesabu mbuzi, Mjomba."

Alinyoosha kidole, akianza na hewa, mahali ambapo wale wawili wa kwanza wangekuwa wamesimama. "Wawili. Na huyu. Watatu."

"Tena."

"Watatu," alisema, na sauti ikamkatika hapo, na sikumwonea huruma, ingawa nilimshika mkono kumwinua.

Tulimchinja pale pale, tukala. Nyama ilikuwa ngumu. Nilimteremsha Mjomba hadi Kwa Vonza kwenye lori la kabichi, mbele na dereva, nikamsimamisha uani kwa Katunge mbele ya wazee, akahesabu tena kwa sauti. Hawakufurahi, lakini jambo lilikuwa limeliwa, na kilicholiwa hakibishaniwi. Wakachimba kando ya mama.

Fundi wa msalaba aliniuliza aandike nini. Nilimwambia Kyalo, kisha Katunge, kwa mpangilio huo, asigeuze.

Kabla jeneza halijafungwa niliomba nafasi. Nilikuwa nimeitunza kofia ile ya sufu miaka yote, chini ya nguo, bila kujua ninaitunzia nini. Ilikuwa ya mtoto, na kichwa kilikuwa cha mtu mzima na kimefungwa bandeji, lakini sufu huvutika. Niliivuta polepole hadi ikafunika sikio moja, kisha la pili. Wazee walikuwa wamesimama wakitazama. Safari hii hakuna aliyeivua.